Unachora bodi yako ya maikrokontrola? Nini uweke, nini uache: mwongozo kamili kutoka Dar

Wakuu, bodi ya kwanza niliyoichora mwenyewe ilikuwa na kila kitu. Kioo cha OLED, baza, sehemu ya memori kadi, relei mbili, taa ya rangirangi, joistiki, sensa ya joto, yani nilijiona nimemaliza dunia. Zikaja tano kutoka China, nikachomelea vipuri usiku kucha, alfajiri nachomeka USB: kimya. Nachomoa memori kadi, inawaka. Nairudisha, kimya. Siku tatu nzima nahangaika mpaka nikagundua kwamba pini ya GPIO12 ya ESP32, ile chipu ya maikrokontrola (kompyuta ndogo ndani ya chipu moja) niliyotumia, ambayo mi nimeipeleka kwenye memori kadi na nikaiwekea rezista ya kuivuta juu, ndo pini ambayo chipu inaisoma pale inapowaka ili ijue memori yake ya flashi inatumia volti ngapi, ikiikuta iko juu inadhani ni 1.8 wakati flashi inataka 3.3, basi haiwaki ng'o. Na imeandikwa kwenye datashiti, karatasi ya maelezo ya chipu. Mi sikusoma, nilikuwa bize na joistiki.

Toka siku hiyo nachora kinyumenyume, naanza na vya kuacha. Huu mwongozo ni wa mtu anayetaka kuchora bodi yake ya majaribio, iwe ya kufundishia vijana au ya kazi zake za mtaani. Lakini hata kama huchori, unaenda tu Kariakoo kununua iliyotengenezwa, soma, maana maswali ni yaleyale.

Hatua ya 1: andika kazi tatu, za kweli

Usiandike "bodi ya kufanya chochote". Hiyo ndo iliyoniponza. Chukua karatasi andika kazi tatu ambazo una uhakika bodi itazifanya mwaka huu huu. Zangu zilikuwa hizi.

Simtanki. Kwetu maji ya DAWASA yanakuja kwa zamu na mara nyingi yanakuja watu wameshalala, so nataka kitu kinachojua maji yamefika kwenye bomba, kiwashe pampu, tanki likijaa kizime, afu kinitumie ujumbe. Ya pili ni mashine ya kutotolesha vifaranga, ile lazima ikae kwenye nyuzi 37.5 siku 21 mfululizo, na umeme ukikatika ipige kelele mtu aamke awashe jiko au ahamishie betri. Ya tatu ni vijana wa chuo wanaokuja na projekti za mwaka wa mwisho, na hawa bwana wanachomeka waya popote palipo na tundu.

Pembeni ya kila kazi jibu maswali haya: umeme unatoka wapi, waifai ipo au ni mtandao wa simu tu, sensa zipi na zinataka volti ngapi, bodi itawasha nini, itakaa wapi, na nani ataishika. Hilo la mwisho watu wanalidharau kinoma. Bodi utakayoishika wewe peke yako na bodi itakayoshikwa na kijana wa miaka 19 ambaye projekti yake inasahihishwa kesho saa mbili ni bodi mbili tofauti kabisa.

Sasa angalia. Kitu kinachotokea kwenye kazi mbili au zote tatu, kinakaa juu ya bodi. Kinachotokea kwenye kazi moja, unakiwekea konekta tu, mwenye shida nacho atakichomeka. Kisichotokea popote, toa. Joistiki yangu ilipata sifuri.

Hatua ya 2: chipu

Hapa ndo watu wanabishana mpaka asubuhi na kusema kweli sio pagumu hivyo.

ATmega328P, ile ya Arduino Uno, ni ya biti 8, inakimbia 16 MHz, flashi KB 32, RAM KB 2 tu. Usiicheke. Kwa mashine ya vifaranga inatosha na inabaki, na kwa sababu inafanya kazi kwa volti 5 inaongea na sensa za zamani bila kubembelezana. Shida yake haina waifai, na siku hizi mteja wa kwanza anachokuuliza ni "ntaona kwenye simu?"

RP2040 ni chipu ya Raspberry Pi, walitoka nayo Januari 2021 kwenye bodi ya Pico ya dola 4. Kori (vichwa vya kufanyia hesabu) mbili, 133 MHz, RAM KB 264, na ina vijimashine vyake vya kuchezesha pini kwa kasi bila kusumbua kori kuu, kitu kitamu sana. Ila yenyewe haina waifai, na flashi inakaa nje ya chipu, so kwenye mchoro wako unaongeza chipu ya flashi na kristali yake. STM32 ni nzuri kiwandani, lakini zile bodi za bluu za bei rahisi zenye STM32F103 zimejaa chipu za kuiga, kijana anaweza akamaliza wiki anatafuta kosa kwenye kodi (programu aliyoiandika) kumbe kosa liko kwenye chipu. Mi nazikwepa.

Inabaki familia ya ESP32 ya Espressif, wale wa Shanghai. Sasa kuwa makini maana jina ni moja ila ndugu hawafanani. ESP32 ya kwanza kabisa ya 2016 ina kori mbili, waifai na Bluetooth zote za zamani na za sasa. S2 haina Bluetooth kabisa. C3 ni kori moja ya 160 MHz, bei nafuu, ina Bluetooth ile ya kutumia umeme kidogo tu. S3 ina kori mbili za 240 MHz na USB ndani ya chipu yenyewe. Na zote hizi nne zinaona waifai ya 2.4 GHz peke yake, kwaiyo ruta ya nyumbani ikiwa imewekwa 5 GHz tu bodi haitaiona hata ukiibandika juu yake.

C3 nilikuwa naipenda mpaka nilipokaa nikahesabu pini. Moduli yake inakupa pini 15. Toa mbili za USB, namba 18 na 19. Toa tatu ambazo chipu inazisoma ikiwa inawaka, namba 2, 8 na 9. Umebaki na 10. Kwa simtanki peke yake zinatosha sana, kwa vijana wa projekti hazifiki popote. Kwaiyo nikaenda na S3.

Na nikisema S3 nazungumzia moduli, ile yenye kifuniko cha bati na antena imechorwa juu yake, sio chipu tupu. Ukichukua chipu tupu unajitwisha flashi, kristali na antena, na antena bila vifaa vya kupimia ni kubahatisha. Pia soma yale maandishi ya mwisho wa jina la moduli. Ikiandikwa N8 ni flashi MB 8. Ikiandikwa N16R8 ni flashi MB 16 na RAM ya ziada MB 8, na hiyo R8 inakula pini 35, 36 na 37, zipo kwenye moduli ila usiziguse. Kama bodi haitakuwa na kamera wala kioo kikubwa, N8 inatosha.

Kitu kingine ambacho hakimo kwenye datashiti ni bando. Kifurushi cha ESP32 cha kuweka kwenye Arduino IDE, programu ya kuandikia na kupakia kodi, ni mamia ya MB, na kijana akikatikiwa katikati anaanza upya. Kama unafundisha, kishushe mara moja mahali penye intaneti nzuri, weka kwenye flashi disiki, wagawie. Na kabla mtu hajanunua chochote ajaribu kodi yake kwenye Wokwi, inaigiza bodi ndani ya brauza, haimli hata waya.

Hatua ya 3: umeme, na hapa tutakaa

Bodi nyingi nilizoletewa zimekufa hazikufa kwa kodi. Zimekufa kwa umeme. Ukiweza kusoma sehemu moja tu ya mwongozo huu, soma hii.

Anza na regyuleta, kile kidude chenye miguu mitatu kinachoshusha volti 5 kuwa 3.3. Bodi za bei rahisi karibu zote zina AMS1117. Inapatikana kirahisi, bei ya kutupwa, na ukiwa unatumia USB tu haina neno. Ila ina tabia mbili mbaya. Kwanza, inataka volti inayoingia iwe juu ya inayotoka kwa kama volti 1.1 hivi. Betri ya lithiamu iko kwenye 3.7 muda wake mwingi, toa 1.1, unabaki na 2.6, na ESP32 inataka kuanzia 3.0. Ndo maana mtu anaunga betri, inawaka vizuri ikiwa imejaa, baada ya muda kidogo inaanza kuzima na kuwaka zima na waka, anasema waifai mbovu. Pili, hata ikiwa haifanyi kazi yoyote yenyewe inakunywa kama miliampia 5.

Miliampia 5 unaona ndogo? Tupige hesabu. Betri ya 18650, ile ya lithiamu ya duara, ya kweli tuseme ni mAh 2500. Chipu umeilaza usingizi mzito, yenyewe inakula maikroampia zisizofika 10, safi kabisa. Lakini regyuleta inakula miliampia 5, kataa (taa ndogo) kekundu ka kuonyesha umeme upo kanakula 2, jumla 7. 2500 ugawe kwa 7 ni masaa 357, siku 15 betri imeisha na bodi ilikuwa imelala tu. Sasa weka regyuleta kama AP2112K ya 3.3, inatoa mpaka miliampia 600, yenyewe inakunywa maikroampia 55, na kataa kale ukakate. Kwenye karatasi unapata zaidi ya miaka mitatu. Kiuhalisia hufiki huko, bodi itaamka kutuma data na betri yenyewe inavuja taratibu, lakini umeona tofauti iko wapi. Iko kwenye kipuri cha miguu michache, sio kwenye chipu uliyobishania usiku kucha.

Na tukiwa kwenye betri, ukiona 18650 imeandikwa mAh 9900, cheka uondoke. Ya kweli haifiki hata 5000.

Usichague regyuleta kwa kuangalia kunywa kidogo peke yake. Kuna HT7333, inakunywa kama hamna, ila inatoa miliampia 250 tu, na waifai ikirusha mawimbi inavuta ghafla kuliko hapo. Espressif wenyewe wanashauri chanzo kiweze kutoa si chini ya miliampia 500. Afu weka kapasita ya maikrofaradi 10 na nyingine ya 0.1 karibu kabisa na pini ya umeme ya moduli, na kwenye pini ya EN (ya kuwashia chipu) weka rezista ya 10k kwenda juu na kapasita ya maikrofaradi 1 kwenda chini, ili chipu isikurupuke kabla umeme haujatulia. Hivi viwili vya EN watu wanavisahau, ndo zile bodi ambazo ukichomeka haziwaki mpaka ubonyeze kitufe.

Kama chanzo ni betri ya volti 12, ya sola au ya bodaboda, usishushe na regyuleta ya kawaida. 12 toa 3.3 ni 8.7, zidisha kwa ampia 0.3 ni wati 2.6 za joto kwenye kidude kidogo kuliko punje ya mahindi. Kitaunguza kidole chako kabla hakijaungua chenyewe. Tumia moduli ya kushusha volti, ile yenye koili, ishushe mpaka 5 kwanza ndo uingie kwenye bodi.

USB-C: weka tundu la USB-C, zile ndogo za zamani zinang'oka. Ila usisahau rezista mbili za 5.1k, moja kwa kila pini ya CC (zile zinazoiambia chaja kuna kifaa) kwenda graundi, yani njia hasi ya umeme. Bila hizo, chaja yenye USB-C pande zote mbili haitoi umeme kabisa, na mteja atakwambia bodi imekufa wakati ukiijaribu wewe na waya wako wa zamani inawaka. Unaweza ukagombana na mtu bure.

Kuchaji: TP4056 inatosha, inafika volti 4.2 na kuacha. Ikiwa na rezista ya 1.2k inachaji kwa ampia 1, mi naweka 2k inashuka kwenye miliampia 580 hivi, maana kwenye boksi lililofungwa mwezi wa pili hapa Dar ile chipu inachemka kweli. Na kumbuka betri za lithiamu hazitakiwi kuchajiwa zikiwa zimepita nyuzi 45. Boksi likikaa juu ya bati saa nane mchana utavuka hapo bila kujua, kwaiyo betri kaa nayo kivulini, chini ya tanki, sio juu yake.

Sasa kuna kisa cha konekta ya betri. Nilienda dukani kununua betri zenye waya na konekta nyeupe ya pini mbili.

"Kaka, mbona hizi nyingine nyekundu iko kushoto, nyingine kulia?"

"Bosi wangu, nyekundu ni nyekundu. We chomeka."

Nikachomeka. Moshi. Muuzaji hakusema uongo, nyekundu ilikuwa pozitivu kweli, ila hamna makubaliano ya dunia kwamba ikae upande gani wa konekta, kila mtengenezaji na lake. Dawa yake ni mosfeti (swichi ya kielektroniki) moja ya aina ya P kwenye njia ya betri, ukigeuza inakataa kupitisha umeme na hamna kinachoungua. Weka pia fyuzi inayojirudi yenyewe kwenye njia ya USB. Hivi viwili kwa bodi ya wanafunzi sio hiari. Na chora alama ya kujumlisha na kutoa pembeni ya konekta kwa maandishi makubwa, sio yale ya kutafuta kwa tochi ya simu.

Ukitaka bodi ijue chaji imebaki ngapi, gawa volti ya betri kwa rezista mbili za 100k uipeleke kwenye pini ya kusoma analogi. Ikijaa utasoma 2.1. Inakula maikroampia 21 muda wote, hiyo inavumilika. Niliwahi kuweka mbili za 1k, betri ikawa inamwagika kama ndoo iliyotoboka.

Hatua ya 4: jedwali la pini kabla ya mchoro

Kabla hujafungua KiCad, programu ya kuchorea bodi ambayo ni ya bure na huna haja ya kutafuta iliyovunjwa, chora jedwali. Safu ya kwanza namba ya pini, ya pili inafanya nini chipu ikiwa inawaka, ya tatu unaipa kazi gani. Anza kwa kufuta. Kwenye S3 zile za kuwakia ni 0, 3, 45 na 46. USB ni 19 na 20. Za RAM ya ziada nimeshasema. Zilizobaki ndo mali yako.

Za kusoma analogi gawa vizuri. Kwenye S3 namba 1 mpaka 10 ziko kundi la kwanza, 11 mpaka 20 kundi la pili, na kundi la pili lina kawaida ya kugombana na waifai. Sensa zote za analogi zikae kundi la kwanza, hata kama mpangilio wa waya unakuwa mbaya kidogo.

Weka graundi nyingi. Nyingi kweli, angalau nne kila upande. Hujawahi kusikia mtu analalamika graundi zimezidi.

Upana nao ni kitu. Bredibodi, ile bodi ya matundu ya kujaribia bila kuchomelea, ina matundu matano kila upande na mfereji katikati. Safu mbili za pini zikiachana inchi 0.9, unabaki na tundu moja huru kila upande. Zikiachana inchi 1 kamili unabaki na upande mmoja tu, ndo zile bodi za pini 38 ambazo vijana wanalazimika kuunga bredibodi mbili. Moduli ya S3 ina upana wa milimita 18 na inchi 0.9 ni karibu 23, inakaa, ila njia za waya utazibana. Bana tu.

Majina ya pini yaandike pande zote mbili za bodi. Upande wa chini hauli hela yoyote ya ziada.

Hatua ya 5: nini kinakaa juu ya bodi

Vitufe viwili, cha kuanza upya na cha kupakia kodi. Lazima. Hata kama USB ya ndani inajipakia yenyewe, siku kodi mbovu ikiifunga ndo hicho kitufe kitakuokoa. Taa moja ambayo kodi inaweza kuiwasha, ya kawaida, sio ile ya rangirangi maana ile hata ukiizima inaendelea kunywa karibu miliampia 1. Na kataa ka umeme ukiweka, kapitishe kwenye alama ya kuunganishwa kwa tone la risasi, ili mtu wa betri akate kwa wembe bila kuharibu bodi.

Kioo cha OLED kisichomelewe juu ya bodi, weka konekta ya matundu manne. Na hapa kuna mtego: zile OLED ndogo za inchi 0.96 zinakuja za aina mbili, nyingine pini ya kwanza ni graundi, nyingine pini ya kwanza ni umeme, na kwa macho zinafanana kama mapacha. Mi nimechora matundu manne na sehemu ndogo ya kuchagua kwa tone la risasi. Wengine wanapenda zile konekta ndogo ndogo za kisasa za I2C (njia ya waya mbili ya kuongea na sensa na vioo), ni nzuri sana, ila waya zake kila nikizitafuta Kariakoo naambulia "njoo Jumamosi". Matundu ya kawaida ya milimita 2.54, waya wake upo kila kona.

Sensa za volti 5. Ile ya kupima umbali kwa sauti, HC-SR04, inarudisha ishara ya volti 5 na ESP32 haitaki zaidi ya 3.3. Nimeweka pini mbili maalumu zenye rezista ya 1k na 2k tayari ndani ya bodi, unapata 3.3 na ushee, nikaziandika "5V INGIA HAPA". Kwa simtanki tumia ile ya kuzuia maji, JSN-SR04T, lakini jua haioni kitu kilicho karibu kuliko sentimita 20 na kitu, tanki likikaribia kujaa inaanza kudanganya na pampu haizimi. Inua sensa juu ya mfuniko kwa kipande cha bomba, au weka na floti ya kawaida kama mlinzi wa pili. Mi naweka vyote viwili.

Relei, ile swichi ya umeme mkubwa inayowashwa na bodi, usiweke juu ya bodi. Najua inavutia. Lakini siku ukiweka relei umeleta volti 230 za TANESCO kwenye kitu ambacho kijana anakishika na vidole huku kimechomekwa kwenye laptopu. Toa pini tatu, volti 5, graundi na ishara, moduli ya relei ikae mbali kwenye boksi lake. Na pampu kubwa isipitie hata kwenye hiyo relei ndogo, ipitie kontakta (relei kubwa ya mizigo mizito), aifunge fundi umeme.

Mtandao wa simu pia mi nimeutoa, nimeacha konekta. SIM800L ni ya 2G, inataka kati ya 3.4 na 4.4, na ikijisajili kwenye mtandao inavuta mpaka ampia 2 kwa kushtukiza. Ukiitia kwenye regyuleta ya bodi inaiangusha bodi nzima. Itoe moja kwa moja kwenye betri, kapasita ya maikrofaradi 1000 ikae mlangoni mwake. Na kama una mpango wa kuuza bodi yenye redio, ya aina yoyote, anzia TCRA, mamlaka ya mawasiliano, uulize utaratibu wa kuidhinishiwa kifaa kabla hujaagiza mia.

Hatua ya 6: Dar yenyewe

Joto, jasho la hewa, chumvi. Bodi iliyokaa Kigamboni karibu na bahari miezi michache utaona pini zinaota kijani. Ukimaliza kujaribu, paka rangi ya kucha isiyo na rangi juu ya sehemu zilizochomelewa, acha konekta, USB, vitufe na antena. Weka matundu manne ya skrubu ya milimita 3.2, maana bodi bila matundu inaishia kufungwa na rababendi na gundi. Na boksi liwe na tundu la waya linaloelekea chini, juu wanaingia mijusi, sijui wanafuata nini humo.

Antena ya moduli itokeze kwenye ukingo wa bodi, chini yake kusiwe na shaba yoyote, na kuizunguka acha kama milimita 15 bila kitu. Boksi la bati ni marufuku. Ikibidi liwe la bati, chukua moduli ya aina ya 1U yenye kikonekta cha antena ya nje.

Hatua ya 7: kabla hujalipa

Viwanda vya China kwa kawaida kima cha chini ni bodi tano, na bodi isiyozidi sentimita 10 kwa 10 ndo inapata bei ya chini, so jibane humo. Kabla ya kutuma, nenda stationari yoyote, printi mchoro kwa saizi halisi, asilimia 100, mwambie kabisa asibonyeze ile ya kujaza ukurasa. Bandika karatasi kwenye boksi la viatu, chomeka vipuri vyako vyote. Mi hapo niligundua tundu la USB nimeligeuza linaangalia ndani ya bodi. Karatasi moja iliniokolea wiki kadhaa za kusubiri mzigo.

Bodi zikija usichomelee zote tano. Chukua moja, weka sehemu ya umeme tu, bila moduli. Pima kwa maltimita: 3.3 ipo? Geuza betri makusudi: hamna moshi? Chomeka chaja ya USB-C pande zote: inatoa? Hapo ndo uweke moduli, pakia kodi ya kuwasha taa, afu ya waifai, na waifai ikiwa inarusha chomoa USB ghafla uone kama betri inapokea bila bodi kujizima. Ikijizima, rudi kwenye hatua ya 3, na zile nne zilizobaki ziache kwenye mfuko wake kwanza.